Moto, Bodi na Fyuzi: Kufufua Umeme wa Lori la Zamani katika Nyanda za Kati

Lori la Kiingereza la miaka ya 1950 likiingizwa gereji mjini Dodoma ili lifufuliwe, kazi ya injini na ya rangi huonekana kwa macho, na kila apitaye huisifu. Kazi ya umeme hufichika. Nyaya hupita nyuma ya dashibodi, kando ya chesisi na chini ya mbao za kubebea mizigo, na kisanduku cha fyuzi hukaa mahali ambapo mwenye gari hatazami mpaka taa zizimike njiani usiku. Hata hivyo ndiyo kazi ambayo ikiharibika yaweza kuliteketeza lori zima kwa dakika chache, baada ya miezi mingi ya jasho. Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Pamoja na hayo yaonyesha jambo ambalo vitabu vya watengenezaji havikuweza kulitaja, kwa kuwa havikuandikwa kwa Kiswahili: ya kwamba baadhi ya makosa mabaya kabisa katika umeme wa lori la zamani hutokea katika neno kabla ya kutokea katika waya.

Malori katika Nyanda za Kati

Malori ya namna hii si wageni katika nchi ya Wagogo na Warangi. Dodoma, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,100, ipo mahali Reli ya Kati inapokatana na njia ya zamani iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ile itokayo Arusha, kupita Kondoa, Dodoma na Iringa, hadi Mbeya. Njia hiyo sasa ni ya lami, lakini kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na malori yaliyoipita yalijengwa yastahimili mambo hayo mawili.

Kisha mwaka 1947 ulianza Mpango wa Karanga huko Kongwa, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Matrekta na magari mengi, na baadhi yake masalio ya vita vya 1939 hadi 1945, yalipelekwa Kongwa, na karakana kubwa ikawekwa kuyatengeneza. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, lakini haja ya madereva na mafundi ilikuwa imekwisha kuingia katika nchi. Baada ya hapo malori ya Bedford, Austin, Albion na Leyland yaliendelea kuchukua mtama, ng'ombe, karanga na abiria katika sehemu hizo. Kila lori lilikuja na kitabu chake cha Kiingereza. Fundi na mwanafunzi wake, waliolala chini ya lori hilo wakiwa na taa mkononi, walizungumza Kiswahili.

Maneno ya Kazi

Lugha ya umeme wa magari katika Kiswahili haikutungwa na kamati. Iliundwa midomoni mwa watu waliokuwa na haraka. Neno "umeme" lenyewe kwanza lilikuwa jina la nuru ya radi, ndipo likavutwa kutaja nguvu ipitayo katika nyaya. Katika Kenya watu wengi husema "stima", neno ambalo asili yake ni mvuke wa mitambo na wa meli. "Betri", "swichi", "dainamo", "honi" na "fyuzi" yalipokewa pamoja na vitu vyenyewe, na baadhi yake yakatiwa vokali za mwisho kama desturi.

Neno "waya" lastahili kuangaliwa zaidi. Lilitoka katika Kiingereza bila kiambishi cho chote cha ngeli, lakini kwa kuwa huanza kwa sauti ya "w", wasemaji walilipokea kama walipokeavyo "wimbo", "wembe" na "wayo", wakalipa wingi wa "nyaya" kama vile "nyimbo", "nyembe" na "nyayo". Neno lililopata wingi wa namna hiyo limekwisha kuwa la nyumbani. Haina maana, basi, kudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Maneno yapo. Linalotakiwa ni kuyapanga, maana mawili kati yake, "moto" na "shoti", yamebeba mzigo zaidi ya mmoja, na katika lori la zamani mzigo huo huwa hatari.

Pande Mbili, Majina Manne

Umeme wa gari huzunguka. Hupita kutoka ncha moja ya betri hadi ncha ya pili, na katikati ya safari hiyo huwasha taa au huzungusha mota. Ili kuokoa nyaya, watengenezaji huacha chuma cha gari chenyewe kiwe nusu ya njia: chesisi, kebini na injini. Waingereza waliita nusu hiyo kwa jina la ardhi, na mafundi wakalichukua neno kwa sura ya "ethi". Katika nyumba jina hilo lina maana, kwani waya wa ethi huishia udongoni kweli. Lori husimama juu ya matairi ya mpira, wala haligusi udongo po pote. "Ardhi" yake ni chuma chake. Kwa sababu hiyo neno "bodi" huongoza akili vizuri zaidi, na ndilo litumikalo hapa. Nusu ya pili ya njia, ile iliyovikwa ganda, ambayo ikigusa bodi hutoa cheche, huitwa "waya wa moto".

Basi ziko jozi mbili za majina. Jozi ya kwanza, moto na bodi, hutaja kazi: upande uliovikwa na upande ulio chuma kitupu. Jozi ya pili, chanya na hasi, hutaja ncha za betri, na hilo ni jambo la kemia ya betri yenyewe. Katika magari ya siku hizi ncha ya hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo waya wa moto daima ni chanya. Mwanafunzi ambaye hajaona gari la namna nyingine hujifunza jozi mbili kana kwamba ni moja, na kwake "moto" na "chanya" huwa visawe.

Lori la zamani hulivunja wazo hilo. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wengi wa Uingereza walianza kufunga chanya kwenye bodi, wakitoa hoja kwamba kutu katika nyaya na ncha zitapungua na plagi za injini zitadumu. Waliendelea hivyo hadi miaka ya 1960, ndipo alteneta na vyombo vya transista vilipoenea wakairudia hasi. Katika gari la namna hiyo waya wa moto ni hasi, na bodi ni chanya.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, na mfano mmoja watosha kuionyesha. Wanafunzi hufundishwa kwamba ukitaka kuondoa betri, anza na hasi. Kanuni hiyo ni sahihi katika gari la leo, lakini sababu yake haimo ndani ya neno "hasi". Sababu ni kwamba spana ikifungua upande wa bodi, hata ikigusa chesisi hapatokei kitu, kwa kuwa vyote viwili ni bodi. Baada ya bodi kufunguliwa, upande wa moto hauna tena njia ya kurudi, na spana yaweza kuugusa bila madhara. Katika lori ambalo chanya ndiyo bodi, fundi atiiye kanuni kwa maneno yake ataanza na upande wa moto. Spana ikigusa chesisi, umeme wote wa betri utapita ndani yake, na cheche zitaruka karibu na betri ambayo hutoa gesi ya haidrojeni. Betri yaweza kupasuka na kumrushia asidi usoni. Kanuni ikisemwa "anza na bodi", ni salama katika kila gari, la zamani na la sasa.

Hali kadhalika katika kufunga. Taa za balbu hazijali upande, na mota ya stata ya namna ile huzunguka upande ule ule hata betri ikigeuzwa. Hivyo lori lililofungwa betri kinyume huweza kuwaka na kuondoka, na fundi akadhani amefaulu. Lakini mshale wa ampea huonyesha kinyume, redio ya transista huharibika, na alteneta iliyofungwa mahali pa dainamo huunguliwa na diodi zake mara moja.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kipande cha waya, yapasa kujua bodi ya lori ni ipi. Kibano kinene cha betri ni cha chanya, kwa maana ncha ya chanya huwa nene kuliko ya hasi. Kibano hicho kikiwa kwenye mkanda wa shaba ushikao chesisi, bodi ilikuwa chanya. Hata hivyo fundi wa miaka iliyopita huenda aligeuza. Ushahidi wa vibano, wa kitabu cha lori na wa maandishi juu ya vyombo vyenyewe wapaswa kulinganishwa, kama vile mwanafunzi wa lugha alinganishavyo nakala mbili za utenzi mmoja.

Hitilafu Tatu Zenye Jina Moja

Neno la pili lenye mzigo ni "shoti". Husemwa kwamba waya "umepiga shoti", na mtu naye "amepigwa shoti". Wengine huliita hivyo hata tatizo la taa isiyowaka. Hayo ni mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni waya wa moto kugusa bodi kabla ya kufika kwenye taa. Umeme hupata njia fupi isiyo na kizuizi. Betri ya volti 12 ikipata njia yenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ampea 240 zaweza kupita, na waya mwembamba huwa mwekundu kama mkaa kabla fundi hajafika kwenye swichi. La pili ni njia kukatika: waya umevunjika, kibano kimelegea, au bodi imeota kutu. Hapo hakuna joto lo lote katika waya; taa haiwaki, basi. La tatu ni mtu kupitiwa na umeme. Volti 12 kwa kawaida haziumizi mkono mkavu, lakini koili ya injini ya petroli hutoa maelfu ya volti kwa ajili ya plagi, na mwenye kushika waya wake injini ikizunguka atajua.

Yafaa "shoti" ibaki jina la hitilafu ya kwanza peke yake. Ya pili iitwe mkatiko, na ya tatu kupigwa na umeme. Fundi akimwambia mwanafunzi "tafuta shoti" hali kuna mkatiko, mwanafunzi ataweka fyuzi kubwa zaidi mahali ambapo fyuzi haikuwa na kosa, na ulinzi wa waya utakuwa umeondolewa bila faida.

Jua, Vumbi na Panya

Nyanda za kati zina mvua chache, zipatazo milimita 570 kwa mwaka mjini Dodoma, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukavu huo huhifadhi chuma. Bodi ya lori iliyooza pwani huweza kuwa nzima huku. Lakini nyaya huharibiwa kwa namna nyingine. Nyaya za zamani zilivikwa mpira, na juu ya mpira uzi wa pamba uliofumwa. Joto la boneti na la jua hukausha mpira mpaka ukawa kama ganda la yai: lori likisimama huonekana mzima, nao ukipindwa kidogo hupukutika. Plastiki ilipochukua nafasi ya mpira, katika miaka ya 1950, hali ilikuwa afadhali, lakini panya wa ghalani hutafuna vyote viwili.

Vumbi nalo huficha. Rangi za uzi wa pamba hupauka, na nyeupe, njano na kahawia huwa rangi moja ya udongo. Vumbi likichanganyika na mafuta huzishika nyaya pamoja, na masika yafikapo unyevu huingia humo na kuanza kula shaba katika maungio. Kwa sababu hiyo lori huweza kupita kiangazi chote bila kasoro, na mvua ya kwanza ya Desemba ikaleta hitilafu zote kwa siku moja.

Kufunga Nyaya Mpya

Kazi huanza kwa kufungua betri, bodi kwanza, na kuiweka kando. Kisha nyaya za zamani huachwa mahali pake mpaka zimechorwa. Kila waya hupewa kibandiko katika ncha zake mbili, na katika karatasi huandikwa utokako, uendako, rangi yake na unene wake. Rangi hutazamwa ndani ya kishikio au chini ya kibano, mahali ambapo jua halikufika.

Magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo yalifungwa vyombo vya kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham, na rangi za nyaya zilikuwa na maana yake. Kahawia ni waya utokao upande wa betri bila kupita swichi wala fyuzi. Nyeupe ni ule uliopita swichi ya injini lakini haujapita fyuzi. Kijani ni ule uliopita swichi ya injini na fyuzi pia. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo za mbele na za nyuma, na nyeusi ni bodi. Mstari wa rangi ya pili huonyesha tawi: buluu yenye mstari mweupe ni taa kubwa za mbali, na buluu yenye mstari mwekundu ni zile za karibu. Hapa napo aliyezoea magari mengine yapasa ajihadhari. Katika mikono ya watu wengi waya mwekundu ni wa betri. Katika utaratibu huu mwekundu ni wa taa ndogo tu, nao hauwezi kubeba mzigo wa betri.

Unene wa waya ulitajwa kwa hesabu ya nyuzi zake za shaba na upana wa kila uzi kwa sehemu za inchi. Waya wa nyuzi 14 zenye upana wa inchi 0.012 ni sawa na milimita 1 ya eneo kwa kipimo cha leo, nao hubeba ampea 8.75. Wa nyuzi 28 ni kama milimita 2, hubeba ampea 17.5. Wa nyuzi 44 ni kama milimita 3, hubeba ampea 27.5. Yamtosha fundi kuhesabu nyuzi katika ncha iliyokatwa ili ajue waya gani wa leo utachukua nafasi ya ule wa zamani.

Lori ni refu, na urefu una gharama. Taa mbili za breki zenye wati 21 kila moja huhitaji ampea 3.5. Zikilishwa kwa waya wa milimita 1 wenye urefu wa mita 8, karibu nusu volti hupotea njiani; waya wa milimita 2 huipunguza hasara hiyo kwa nusu. Katika hesabu hiyo bodi haikutiwa, na bodi yenye kutu au rangi mpya huweza kupoteza zaidi ya waya wenyewe. Hapa ndipo ufufuaji mzuri wa chuma unapoudhuru umeme: lori likipakwa rangi vizuri, kila mahali pa kugusa bodi huwa pamefunikwa. Chini ya kila skrubu ya bodi rangi yapaswa kukwanguliwa mpaka chuma king'ae, kibano kifungwe, kisha pakwe grisi juu ili maji yasiingie. Injini na kebini zimekaa juu ya mipira, kwa hiyo kila moja huhitaji mkanda wake wa shaba hadi kwenye chesisi.

Nyaya mpya hufungwa pamoja kama zilivyokuwa, lakini kila zipitapo tundu la chuma hutiwa pete ya mpira, kwani mtikisiko wa barabara mbovu hugeuza ukingo wa tundu kuwa kisu. Maungio hubanwa au kulehemiwa kwa risasi. Kusokota nyuzi kwa vidole na kuzizungushia utepe si maungio.

Kisanduku cha Fyuzi

Fyuzi ni sehemu ya waya iliyofanywa dhaifu kwa makusudi. Joto katika waya huongezeka kwa mraba wa umeme upitao: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Fyuzi huyeyuka kabla waya haujafika hatari. Kwa hiyo kinacholindwa na fyuzi ni waya, na kipimo chake hufuata waya. Sharti iwe kubwa kuliko mzigo wa kawaida, na isizidi kiasi ambacho waya waweza kukibeba. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa shaba uliozungushwa, huwasha taa usiku ule. Lakini tangu saa hiyo sehemu dhaifu ya njia haijulikani iko wapi, na huenda ikawa ndani ya kebini, nyuma ya magoti ya dereva.

Katika utaratibu wa Lucas ulioenea sana, kisanduku kilikuwa na fyuzi mbili za kazi na mbili za akiba, na ncha nne zilizoandikwa A1 hadi A4. Fyuzi iliyo kati ya A1 na A2 ililinda vitu vya kila wakati, kama honi. Iliyo kati ya A3 na A4 ililinda vitu vya swichi ya injini, kama vaipa, indiketa na taa za breki. Taa kubwa, katika magari mengi ya namna hiyo, hazikuwa na fyuzi hata moja.

Fyuzi za kioo za kisanduku hicho ziliandikwa 35, na hapa tarakimu nayo yaonekana kuwa na lahaja. Lucas aliandika kiasi kiikatacho fyuzi. Kiasi ambacho yaweza kukibeba muda wote ni kama nusu yake, yaani ampea 17, na kiasi hicho chaafikiana na waya wa nyuzi 28. Watengenezaji wengi wa siku hizi huandika kiasi kibebwacho. Mtu akinunua fyuzi mpya yenye tarakimu ile ile ya 35, huwa ameuachia waya ampea mara mbili ya zile zilizokusudiwa, naye akaamini kwamba amefuata kitabu. Iliyo sawa ni ya ampea 15 kwa kipimo cha leo.

Kisanduku chenyewe, kama hakikupasuka, huweza kurudishwa kazini. Vishikio vya shaba husuguliwa kwa msasa laini, na vilivyolegea hubanwa au hubadilishwa. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini kishikio chenye ukinzani wa omu 0.1 kikipitiwa na ampea 10 hupoteza volti nzima na kutoa joto la wati 10 mahali padogo kama ukucha. Visanduku vingi vilivyoungua havikuunguzwa na shoti, bali na kishikio kichafu.

Lililobaki ni uamuzi wa taa kubwa: kuziacha bila fyuzi kama zilivyotoka kiwandani, au kuziongezea. Lori litakaloingia barabarani tena lastahili kuongezewa. Kisanduku cha pili chaweza kufichwa nyuma ya dashibodi bila kuharibu sura ya zamani. Ni vema kila taa ipate fyuzi yake, ya kushoto na ya kulia, ili hitilafu moja isimwache dereva gizani kabisa. Taa ya wati 45 huhitaji ampea 3.75 kwa volti 12. Waya wake wa milimita 1 hubeba 8.75; basi fyuzi ya ampea 8 inakaa katikati ya mipaka hiyo miwili.

Kujaribu

Betri isirudishwe moja kwa moja. Upande wa moto hufungwa kwanza, na katika upande wa bodi, kati ya ncha ya betri na mkanda wake, huwekwa balbu ya wati 21. Umeme wote wa lori sasa hauna budi kupita katika balbu hiyo, na hata pakiwa na shoti mbaya haziwezi kupita zaidi ya ampea 1.75, ambazo haziunguzi waya wo wote. Swichi zote zikiwa zimefungwa, balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, na nyaya hufunguliwa moja moja kisandukuni mpaka ififie. Kisha swichi huwashwa moja baada ya moja. Balbu ikiwaka hafifu pamoja na taa iliyoitwa, njia ni nzima. Ikikaa kimya, kuna mkatiko au bodi mbaya. Baada ya kila njia kujaribiwa hivyo ndipo balbu iondolewe na mkanda wa bodi ufungwe, ukiwa wa mwisho, kama ulivyokuwa wa kwanza kufunguliwa.

Kama dainamo ilifunguliwa muda mrefu, au kama bodi imegeuzwa kwa kusudi, dainamo nayo yapaswa kukumbushwa upande wake. Nyaya zake mbili hufunguliwa, na waya kutoka upande wa moto wa betri huguswa mara mbili tatu, kwa kitambo kidogo, katika ncha yake ndogo iliyoandikwa F. Kitabu kilichosema "chanya" mahali hapa kingekuwa sahihi kwa nusu ya malori na kibaya kwa nusu nyingine; neno "moto" ni sahihi kwa yote.

Maandishi Yanayobaki

Fundi aliyefanya haya yote anajua lori hili lilivyo. Fundi atakayelifungua baada ya miaka 10, labda Kondoa, labda Manyoni, hatajua, na kitabu cha Kiingereza hakitamwambia yaliyobadilishwa Dodoma. Kwa hiyo kazi haijakwisha mpaka kibao kidogo kimefungwa ndani ya kifuniko cha fyuzi, na juu yake maneno machache yaliyopangwa kwa uangalifu: volti 12, bodi ni chanya, ukiondoa betri, anza na bodi, kisha orodha ya fyuzi, kila moja na vitu ilindavyo, rangi ya waya wake, na ampea zake kwa kiasi kibebwacho.

Wenye kazi ya kusanifu istilahi nao wana la kuchukua kutoka kibao hicho. Orodha ya maneno ya ufundi ikitungwa kwa kutafsiri kamusi ya Kiingereza ya leo, chanya na moto zitawekwa mahali pamoja, maana magari ya leo hayazitofautishi. Lori la zamani lazitofautisha. Maneno moto na bodi tayari yamo vinywani mwa watu, na yafaa yaingizwe katika orodha kwa maana zake yenyewe, mbali na chanya na hasi, na shoti ipewe mpaka wake mbali na mkatiko. Hayo yakifanywa, kanuni ya kuondoa betri itaandikwa mara moja tu, na mwanafunzi ataweza kuitii katika kila gari bila kudhurika.